Malkia Hulia Jumamosi

Ng'ombe yule hakulia kama ng'ombe. Alilia kama mtu aliyesimama juu ya kilima akimwita mwenzake aliye kilima cha pili, na ukungu wa Uporoto uliichukua sauti ile, ukaizungusha mabondeni, kisha ukairudisha mlangoni kwa Severina ikiwa imelowa na kulainika, kana kwamba imetoka mbali. Imetoka Iringa.

Ndivyo alivyoamini Severina, na kwa kuamini hivyo nusura amzike mtoto wa pili. Mama mwenzangu, kama una mtoto aliyeacha ziwa na ng'ombe mgeni bandani, vuta kigoda usikie.

Severina alizaliwa Kihesa, kwenye yale mawe ya Iringa yaliyopandana kama yamepangwa na mtoto mtundu. Baba yake alikuwa seremala wa misheni, mtu wa randa na misumari, asiye na hata mbuzi. Masista walimfundisha binti yake mpaka darasa la nne: kusoma, kuandika, kudarizi, na kuzijua siku za watakatifu. Mambo ya ng'ombe hakufundishwa na mtu. Kisha akatokea Sedekia, kijana wa Kinyakyusa aliyekuwa mkamuaji katika shamba la Mzungu mmoja nje ya mji, akamwoa, akamleta kwao Uporoto, milima iliyo juu ya Mbeya, ambako jua huchelewa kuamka na watu husalimiana huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Yeye mwenyewe akarudi kwa Mzungu wake, akawa anakuja likizo tu.

Mwaka wa kwanza Severina alilia. Hakupigwa, hakunyimwa chakula. Jioni ikifika tu alikwenda nyuma ya nyumba, akauelekeza uso upande iliko Iringa, akalia mpaka koo likakauka. Akimaliza anajifuta kwa kanga, anarudi jikoni. Jirani yake wa ng'ambo ya bonde, Tupokigwe mke wa Yotamu, alimkuta siku moja, akaweka mzigo wake wa kuni chini.

"Lia, mwe," akamwambia. "Mgeni asipolia tunajua hana kwao."

Maneno hayo Severina aliyaweka moyoni. Yalikuja kumponza baadaye.

Mtoto wake wa kwanza, Philbert, alipoacha ziwa nywele zilimgeuka rangi ya ndevu za mahindi, miguu ikavimba, akafa mwezi wa baridi. Ndiyo sababu alipozaliwa Lusia, baba mkwe alileta ng'ombe.

Kuleta kwenyewe kulikuwa hivi. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke hujitupa kichakani na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Jina lake halitaji, neno lake halijibu. Wakristo wengine walikuwa wameanza kulegeza, lakini Mzee Alinanuswe hakuwa mtu wa kulegeza kitu. Severina alikaa naye kilima kimoja miaka saba, na alichokijua kwake ni kikohozi, ncha ya fimbo, na miguu miwili mirefu kupitia matundu ya ua. Basi asubuhi moja alifungua mlango akakuta ng'ombe mwekundu amefungwa nguzoni, na kikohozi kinakwenda zake bondeni. Ng'ombe wa mjukuu. Severina akamwita Subira.

Subira alikuwa wa kienyeji hasa: mdogo, mwenye nundu, pembe moja imekwenda huku na nyingine kule kama watu waliogombana. Maziwa yake yalikuwa chupa moja asubuhi, nusu chupa jioni, na hayo ni mpaka ndama awe amesimama pale pale analambwa. Ukimwondoa ndama, Subira aliyabana maziwa yake kama mwenye duka siku ya Jumapili. Miezi sita baada ya kuzaa, yamekauka. Lakini alifunguliwa asubuhi akaungana na ng'ombe za Yotamu, jioni akarudi, na siku moja alirudi na mimba. Hakuna aliyeuliza ilikuwaje. Ilikuwa kama umande: unaamka, umeshaanguka.

Na Lusia alikua. Hakunenepa, lakini alikua, na nywele zake zilikuwa nyeusi.

Masika ya mwaka 1954, Sedekia aliteremka kwenye lori barabarani, akapanda kilima akiwa na kamba mkononi, na mwisho wa kamba alikuwako mtamba mweusi mwenye mabaka meupe, hana nundu, mrefu, kope ndefu kama za bibi arusi, tayari ana mimba kubwa.

"Mzungu amefunga shamba anarudi kwao," Sedekia akasema. "Miaka yangu minane ya kukamua ndiyo hii, ina miguu minne."

"Ng'ombe wa Kizungu huyo?"

"Chotara. Baba Mzungu, mama Mgogo. Lakini kiwele amechukua kwa baba."

"Baba ana kiwele?"

Sedekia akacheka mpaka akashika magoti. "Mama Lusia, umekuwa mjuaji! Subiri azae. Hutapima kwa chupa, utapima kwa ndoo."

Wakamwita Malkia, kwa sababu siku zile picha za Malkia mpya zilikuwa bado zimebandikwa kila duka la Mhindi, na huyu naye alitembea kama anaogopa taji lisimwanguke. Severina alimsogelea. Mtamba aliutazama ukungu kama anayeuliza, hapa ni wapi? Severina akamsalimu kwa Kihehe, taratibu, "Kamwene." Sikio moja likacheza. Basi. Undugu ukaingia hapo hapo.

Banda lilitakiwa bati, maana Sedekia alisema ng'ombe huyu mvua haimfai. Yotamu alikuwa na mabati kumi na mawili. Yotamu alimtaka Subira.

"Ng'ombe wa mtoto?" Severina alimuuliza mumewe.

"Mtoto atakunywa kipi, chupa na nusu au ndoo? Wewe umesoma, piga hesabu."

Severina alikitazama kile kiwele, akapiga hesabu. Hilo ndilo kosa la kwanza, na halikuwa la Sedekia peke yake. Tupokigwe alipokuja kumchukua Subira alisita, akasema, "Una hakika, mwe? Ng'ombe wa babu huyu." Na Severina, kichwa kikiwa kimeshapaa, akamjibu, "Mchukueni tu. Maziwa yenyewe ya kuchovya kidole."

Tupokigwe alicheka. Lakini neno lile la kidole aliliweka moyoni.

Tangu jioni ile kikohozi hakikupita tena uani.

Malkia alizaa mwezi wa Juni. Kilima kile kukamua ni kazi ya wanaume na wavulana. Sedekia akamfundisha mkewe mlango wa banda ukiwa umefungwa, kwa sababu yeye alikuwa na safari. Makongolosi, upande wa Chunya, watu walikuwa wanachimba dhahabu, na rafiki yake Jailos alikuwa amempa habari za mwamba. "Usimtoe nje," alimwachia maneno. "Usimchanganye na ng'ombe za watu, kupe mmoja tu, homa ya ndigana, kwisha habari. Na mambo ya dume niachie mimi. Krismasi nipo." Severina hakuuliza mambo ya dume ni mambo gani. Mke haulizi hayo. Isitoshe, Subira hakuwahi kuhitaji mtu wa kumshughulikia.

Sasa maziwa yale. Nikuambieje? Alfajiri ukungu ulikuwa mweupe mlangoni, na ndani ya ndoo kulikuwa na weupe mwingine, wenye joto na povu, unaimba chini ya vidole vyake, na Severina kati ya weupe huu na ule hakujua tena mikono yake inaishia wapi. Chupa kumi na mbili kwa siku. Alijaza ndoo, akajaza vibuyu, akajaza sufuria ya jirani. Lusia aliamka na midomo myeupe, akalala na midomo myeupe. Wakati mwingine Severina aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa Malkia, akafumba macho, akaona mto wa maziwa umeshuka kutoka kilele cha Mbeya, umekata nyika ya Usangu, umepita Madibira, umefika Kihesa kwenye mawe, na Philbert amekaa kando yake, miguu yake mizima, anachota kwa mkono.

Mwezi wa Agosti ndama akafa. Ndigana, kupe aliingia na majani. Tupokigwe alivuka bonde kutoa pole.

"Basi maziwa kwaheri," alisema. "Kwetu ndama akifa, tunamchuna, ngozi tunaijaza majani makavu, tunamsimamishia mama yake adanganyike. La sivyo, hutoi tone."

Kesho yake Severina aliingia bandani na ndoo bila tumaini. Maziwa yakaja. Hakuna ndama, hakuna ngozi ya ndama, na maziwa yakaja kama jana. Wanawake wa kilima wakaja kutazama, wakashika videvu.

"Ng'ombe gani huyu," Tupokigwe akasema, "asiyemlilia mwanawe?"

Ndipo siku moja, Jumamosi, mwezi wa Septemba, Malkia akalia. Alianza kukiwa hakujapambazuka vizuri. Aliyakataa majani. Alizunguka banda, akaulamba ukuta, akanyoosha shingo, akaita, akanyamaza kama anayesikiliza jibu, akaita tena. Maziwa ya siku hiyo yalipungua. Severina alipoinama kumwekea chumvi, Malkia alikuja nyuma yake akaweka kidevu kizito juu ya mgongo wake, akakiacha pale, akihema.

Severina akabaki vile vile ameinama, machozi yakamtoka. Ndama hakumlilia. Njaa hana. Sasa analilia nini mgeni huyu, kama si kwao? *Mgeni asipolia tunajua hana kwao.* Akafunga mlango upepo usimpige, akakaa chini kwenye majani, akamwimbia nyimbo za Kihesa, moja baada ya nyingine, mpaka za Krismasi. Jumapili Malkia alikuwa kimya, anacheua, kama hakuwa yeye. "Anazoea," Severina alijiambia. "Hata mimi nilizoea."

Wiki ya tatu, Jumamosi, akalia tena. Na tena wiki ya tatu baadaye. Severina alikuwa na kalenda ya misheni ukutani. Kila siku ya kilio aliweka msalaba mdogo kwa penseli. Hakuweka kwa kuchunguza. Aliweka kama unavyoweka alama siku ya ndugu aliyefariki, umkumbuke. Aliona kwamba misalaba inafuatana kwa mpango, Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi, na akaona ni vizuri: hata kule nyumbani Jumamosi ilikuwa siku ya kufagia kanisa na kugema ulanzi, pombe ya mianzi, kwa ajili ya wageni. Lazima anakumbuka.

Angalia, mama, mtu anavyoweza kuwa na ukweli ukutani, ameuandika kwa mkono wake mwenyewe, na asiusome.

Krismasi Sedekia hakuja. Alituma barua kwamba mwamba unaanza kuonyesha rangi; Pasaka atakuja. Pasaka ikaja peke yake. Kikohozi kilirudi kupita uani siku hizo. Siku za kilio kilisimama. Kilikuwa kikisimama pale nje ya ua muda mrefu, mpaka Severina akajua miguu ile mirefu inasikiliza. Kisha fimbo ikagonga jiwe, ikaondoka. Alidhani mzee anachukizwa na makelele.

Mwaka ukageuka. Chupa kumi na mbili zikawa nane. Nane zikawa nne. Baridi ilipokwisha ikawa moja, nyembamba, rangi ya maji ya mchele. Sasa Malkia alitoa sawasawa na Subira. Ila Subira, kule ng'ambo, alikuwa na ndama wa kike anayeruka, na mimba nyingine juu yake, na Malkia hakuwa na kitu tumboni. Mwaka na zaidi. Alinenepa tu, akang'aa, akalia Jumamosi zake.

Lusia alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa amezoea maziwa, ugali anausukuma, maharage anayatema. Mwezi wa Oktoba Severina alimwogesha mchana juani, akapitisha vidole kwenye nywele za mtoto, zikaja na vidole. Akazitazama. Zilikuwa rangi ya ndevu za mahindi.

Alimfunga mgongoni, akashuka mpaka zahanati ya Mbeya. Dresa alibonyeza mguu wa Lusia kwa kidole gumba, shimo likabaki.

"Mama, huyu hana mdudu. Hana maziwa. Una ng'ombe?"

"Ninaye."

"Sasa?"

Severina akamfunga mtoto mgongoni tena. Njiani kurudi aliona moshi wa nyumba ya Tupokigwe, akasikia kengele ya shingoni kwa Subira, na miguu ilitaka kukata kona. Lakini ulimi ule uliosema kuchovya kidole ndio huo huo uliotakiwa kuomba, na haukunyanyuka. Mtoto mgongoni hana uzito, na mama anaona aibu. Usimcheke. Aibu imewazika watoto wengi kuliko surua.

Usiku mmoja, siku chache baadaye, akaota, na kulipokucha ndoto ilikuwa bado haijamtoka. Malkia amevaa kanga, anatembea nyikani Usangu kuelekea Iringa, na kila alipokanyaga maziwa yanabubujika kwenye wayo wake. Mbele yake anakwenda Lusia, mnene, anakimbia. Severina akaamka na shauri limekamilika. Ng'ombe huyu anakufa kwa upweke. Na maziwa yamekufa kwa upweke huo huo. Akirudishwa kwao yatarudi. Atampeleka kwa babu yake Lusia, Kihesa; Lusia atakunywa huko, ataishi. Maneno ya Sedekia ya kutomtoa nje ayasome Sedekia mwenyewe huko mashimoni kwake.

Alitazama kalenda. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Novemba, siku ya msalaba.

Alitoka mtoto mgongoni, kamba mkononi. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba Malkia alionekana mabaka meupe matupu, yanaelea. Hawakufika mbali. Penye njia panda, mkono wa kulia ukishuka barabara ya malori na wa kushoto ukishuka bondeni kwa Yotamu, Malkia alisimama, akanyoosha shingo, akalia. Severina akavuta kulia. Malkia akavuta kushoto.

"Siyo huko!" Severina akamwambia. "Iringa ni huku, mwenzangu. Huku!"

Malkia akavuta kushoto, akamburuta hatua tatu kwenye matope. Na hapo hapo, ndani ya ukungu, mbele kabisa, kikohozi.

Severina aliiacha kamba. Alijirusha kwenye kichaka cha matete, akapiga magoti, akafunika kichwa chake na cha mtoto kwa kanga. Miguu mirefu ikaja, ikasimama penye ng'ombe.

"Babu!" Lusia akasema kutoka ndani ya kanga. "Mama yuko hapa kichakani!"

"Sijasikia kitu," Mzee Alinanuswe akajibu. "Hapa naona ng'ombe tu. Ndaga, Malkia. Umeamkaje? Unakwenda wapi na kamba yako asubuhi yote hii, bila mtu?"

Malkia akalia.

"Iringa? Nani kakudanganya unataka Iringa?" Fimbo ikagonga ardhi. "Sikiliza, nikwambie wewe, maana hapa hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Mwaka mzima nakusikia. Kila wiki ya tatu, Jumamosi. Mimi nimechunga tangu nina meno ya utoto, najua ng'ombe anayeita dume. Hawa wetu wadogo huita kidogo tu, nusu siku, tena wako machungani na dume yupo ubavuni, nani atasikia? Wewe umefungiwa ndani kama sukari. Unaita, unaimbiwa nyimbo za kanisa."

Kichakani, Severina alijiziba mdomo kwa mkono.

"Nikasema, huyu wa Kizungu ana sheria zake, mwenyewe anajua. Hapo nilikuwa najidanganya." Sauti ya mzee ilishuka. "Kweli ni kwamba nilikuwa na hasira. Nilitoa ng'ombe kwa mjukuu wangu, akageuzwa mabati. Nikasema, acha wakome. Nikapita pale uani, nikasikiliza, nikaenda zangu. Ningeweza kumtuma mtoto yeyote wa kilima hiki na neno moja. Sikumtuma. Juzi nilimwona mjukuu wangu juani, shingo kama ya kifaranga. Malkia, mimi ni mtu mzima mpumbavu. Umesikia? Mwambie yeyote utakayemwona."

Ukungu ukapita kati yao taratibu. Mila haikumruhusu Severina kumjibu. Akamfungua Lusia mgongoni, akamsukuma mbele ya matete. Mtoto alisimama njiani kwa miguu yake iliyovimba.

"Lusia," mama akamwambia kwa chini, "mwambie ng'ombe tumesikia. Mwambie na sisi tulikuwa wapumbavu."

"Ng'ombe," Lusia akasema, akimtazama babu, "mama anasema wewe mpumbavu."

Mzee akacheka, cheko lililovunjika katikati likawa kikohozi. Akamwinua mtoto, akamweka begani. "Naenda kwa Yotamu, dume liko pale," aliuambia ukungu. "Malkia ananifuata. Kama kuna mtu anayemfuata Malkia, amfuate Malkia, mimi asinifuate."

Wakashuka hivyo: mzee na mtoto mbele, ng'ombe katikati, na nyuma, umbali wa kutosha, mwanamke aliyejifunika kanga.

Ya kule zizini wanawake hawakuyatazama. Tupokigwe alimvuta Severina nyuma ya nyumba, akamkalisha kwenye kinu kilicholazwa, akasikia habari yote, akaanza kucheka, akalia, akacheka tena.

"Mwaka mzima! Mtu anataka mume, wewe unamwimbia Noeli!"

"Wewe ndiye uliyeniambia mgeni hulilia kwao."

"Nilikuambia wewe, sikumwambia ng'ombe!" Akafuta macho. Kisha akamtazama Lusia, ambaye babu alikuwa amemwacha mlangoni, akaacha kucheka. Aliingia ndani. Alitoka na kibuyu kidogo. Subira alikuwa amezaa siku chache zilizopita, mara ya pili tangu aje kwa Yotamu. Maziwa yalikuwa bado ya manjano, mazito, machache.

"Haya," akasema, akimnyooshea Severina. "Chovya kidole."

Severina akachovya. Kidole kikatoka kimelowa maziwa, na hakuweza kukipeleka mdomoni kwa kulia. Lusia akakishika, akakinyonya.

"Kila asubuhi nitamtuma mtu na kibuyu," Tupokigwe akasema. "Na wewe acha majivuno. Yako yakirudi, utanipimia kwa ndoo."

Siku ile jioni Severina aliandika barua kwenda Makongolosi. Ilikuwa fupi. *Ng'ombe wako alikuwa analilia mume. Si yeye peke yake hapa nyumbani. Rudi.*

Na akaanza kungoja. Walimwambia, kama Malkia ameshika mimba, wiki ya tatu hatalia. Akilia, mimba haikushika, arudi kwa dume. Sasa mambo yakageuka: yule aliyekuwa akikihurumia kilio sasa alianza kukiogopa. Kibuyu kilikuja kila asubuhi, chupa moja, pengine pungufu. Wali hakupika, nyama hakuwa nayo. Aliyachanganya maziwa yale na uji wa ulezi, akakaa na mtoto mpaka kijiko cha mwisho. Ng'ombe mdogo mwenye pembe zilizogombana alimshika mtoto mkono, akamvusha siku moja kwenda nyingine, kama unavyomvusha mtu kwenye mawe ya mto.

Sisemi usimfuge chotara. Mfuge, ana ndoo yake. Lakini huyu hazai kama umande. Muda wake ni siku moja katika siku ishirini na moja, anautangaza kwa sauti kubwa, na ukiukosa umekosa maziwa ya mwaka unaokuja. Msikilize yeye, usimtie kinywani kilio chako. Na mdogo wa kienyeji usimtoe kwa bati, mpaka umeona mkubwa amezaa kwako mara mbili.

Jumamosi ya wiki ya tatu Severina aliamka kabla ya jogoo. Alikaa kwenye kizingiti cha banda, kanga mabegani, penseli mkononi. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaingia uani, ukalala miguuni pake. Bandani, Malkia alikuwa amelala chini, anacheua. Mdomo ulikwenda, ukasimama. Severina akainua penseli. Mdomo ukaendelea.

Jua lilipanda, doa la manjano nyuma ya weupe. Malkia hakulia. Kengele ya Subira ikasikika ng'ambo, ikapotea. Lusia alitoka ndani amejifunga shuka, akaja akakaa kwenye mapaja ya mama, akanywa kibuyu chake taratibu, na alipomaliza akakigeuza, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Kuna kingine?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kuomba chakula.

Nje ya ua kikohozi kilifika, kikasimama. Miguu mirefu kwenye matundu ya ua haikusogea. Kwa muda mrefu, yeye upande ule na Severina upande huu, walisikiliza pamoja ng'ombe asiyelia. Kisha fimbo ikagonga jiwe mara moja, polepole, ikaondoka na ukungu.

Severina aliingia ndani, akatazama kalenda. Hakuweka msalaba.